Nili ya mmea kwenye jinzi: mbona inahamia kwenye sofa la mteja?

#1 BintiMbagala
Wadau, salaam. Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Nanunua jinzi nyeupe za mitumba pale Karume, nazifumua, nashona makoti na mikoba, kisha nazitia rangi mwenyewe kwa nili ya mmea. Sitaki rangi za viwandani, na wateja wangu ndicho wanachonilipia.

Njia yangu ni ile ya moja-mbili-tatu ya Mfaransa Michel Garcia: unga wa nili gramu 100, chokaa gramu 200, utamu gramu 300. Yeye anasema sukari ya matunda ya unga. Huku kwetu ile ni ghali, kwa hiyo nachemsha ndizi mbivu zilizokwisha kuwa nyeusi, naongeza sukari guru. Kesho yake maji yanakuwa ya kijani-manjano, juu utando kama shaba na povu la bluu katikati. Nachovya dakika 10, natoa, naanika. Koti linatoka kijani na kugeuka bluu mbele ya macho yangu. Sijachoka kuliangalia hilo mpaka leo. Nachovya mara 3, nasuuza, nauza.

Sasa tatizo. Koti moja limekwenda kwa mteja Mikocheni. Wiki ya pili ananitumia picha: sofa lake la krimu limechorwa mgongo mzima, mpaka mabega unayaona. Kusafisha sofa nimelipa elfu 40. Koti lenyewe niliuza elfu 65. Nakosea wapi?

#2 NabishaTu
Natega kiti. Leo kuna watu wataumbuka.

#3 Fundi_Batiki
Pole dada. Mimi batiki nimefanya miaka 19. Jibu ni moja tu: achana na ndizi. Weka dawa za kiwandani, kostiki soda na haidro, rangi inakolea dakika 15 na haitoki. Ndizi kula.

#4 MkemiaWaMtaa
#3 mkuu, umejibu swali ambalo hajauliza. Kasema hataki njia ya kiwandani.

Mleta uzi, ngoja nikueleze kinachotokea kwenye pipa lako, maana ukikielewa utajua pa kutafuta. Nili haiyeyuki kwenye maji. Ukikoroga unga wa nili na maji matupu unapata tope la bluu, na tope halishiki pamba. Ili ishike, lazima kwanza inyang'anywe oksijeni ndani ya maji yenye magadi au chokaa. Hapo inageuka kuwa kitu kingine, cha manjano, kinachoyeyuka na kupenya kwenye uzi. Ukitoa nguo nje, hewa inarudisha oksijeni, bluu inazaliwa upya ikiwa imenasa ndani. Kazi ya ndizi ni hiyo ya kunyang'anya.

Sasa, sukari ya mezani HAINYANG'ANYI. Sukari ya matunda na ya asali ndiyo zinaweza. Sukari guru sehemu kubwa ni sukari ileile ya muwa, kwa hiyo katika zile gramu 300 zako huenda nusu ilikuwa abiria tu. Nili iliyobaki bila kunyang'anywa imeelea kama vumbi, ikakaa juu ya kitambaa. Vumbi hilo ndilo lililochora sofa.

#5 BintiMbagala
#4 nashukuru mwalimu. Lakini kama haikunyang'anywa, mbona maji yalikuwa ya kijani-manjano na utando wa shaba ulikuwepo?

#6 MkemiaWaMtaa
Utando unaonyesha kazi imeanza. Hauonyeshi kwamba imekwisha. Chota na glasi, tazama kwenye mwanga. Ukiona maji safi ya rangi ya chai, sawa. Ukiona ukungu wa bluu ndani, bado.

#7 GikombaFinest
Sasa wadau. Mimi nauza jinzi Nairobi, ziwe za Gikomba ziwe za bale jipya. Huyu dada swali lake naona liko kwa kitambaa, si kwa pipa. Jinzi nyeupe za mitumba za siku hizi nyingi zinavutika. Mle ndani kuna nyuzi za plastiki na za mpira. Nili inashika pamba. Plastiki haishiki, inaikalia tu. Angalia mishono ya ile jinzi, kama nyuzi za kushonea zilibaki nyeupe baada ya kuchovya, hizo ni za plastiki.

#8 BintiMbagala
#7 Eee! Mishono inabaki nyeupe kabisa. Nilidhani ni urembo, wateja wanaipenda.

#9 NabishaTu
Kasoro ikipendwa na mteja inaitwa mtindo. Endeleeni.

#10 Mashine_Nne
Niliwahi kufanya kazi kiwanda cha jinzi huko Athi River, sehemu ya kufua. Niseme kitu ambacho watu wengi hawajui. Jinzi ya kiwandani haichovywi ikiwa nguo, hata kitambaa hakichovywi. Kinachochovywa ni uzi, tena ule wa mtande (unaokwenda urefu wa kitambaa) peke yake, kabla haujafumwa. Mshindio, ule unaopita upana, unabaki mweupe. Ndiyo maana jinzi ukiigeuza ndani ni nyeupe-nyeupe. Na ule uzi wa mtande unachovywa harakaharaka, unapigwa hewa, unachovywa tena, mara nyingi. Rangi inakaa pembeni tu, moyo wa uzi unabaki mweupe. Ni kama muhogo, ganda jeusi ndani mweupe. Ukivaa, ganda linasagika, weupe unatokea magotini. Jinzi inapauka kwa sababu imetengenezwa ipauke.

Sasa wewe unachovya nguo nzima, nzito, mara 3 tu. Mara 3 chache mno! Inaelekea unafanya pipa liwe kali ili ukolee upesi. Fanya pipa jepesi, chovya mara 8, mara 10. Tabaka jembamba juu ya jembamba. Tabaka nene moja linabanduka kama rangi ya ukuta.

#11 Fundi_Batiki
#10 hapo nakubali. Hata batiki, anayetaka kukoleza kwa mkupuo mmoja ndiye anayerudishiwa kitenge.

#12 Bi_Kaniki
Nawasoma tu wanangu, nacheka peke yangu. Nili mnaiona jambo jipya? Bibi zetu Unguja kaniki walivaa, na kaniki ni nini kama si merikani iliyotiwa nili? Merikani ikitoka kwa Wamarekani nyeupe chafuchafu, ikitiwa nili ndiyo kaniki, na nyingine zikija zimeshatiwa rangi kutoka Uhindini. Ilikuwa nguo ya mnyonge, ya mtumwa, ya mwanamke wa shamba. Watu walipopata uwezo wakakimbilia leso na kanga kuondokana nayo. Leo mjukuu ananiletea koti la nili la elfu sitini na tano! Haya.

Na kaniki mpya ilikuwa ikihamia mwilini. Hakuna aliyelipwa sofa.

#13 NabishaTu
#12 Bibi umetumaliza 😂

#14 Mwana_Muscat
Nyongeza kwa #12. Huku Oman ya ndani, Bahla na kwingineko, wazee wanasimulia nguo za nili zilizokuwa zikitia mwili bluu, na hakuna aliyeona aibu. Watuareg wa Sahara ndio kabisa, kile kilemba kinatwangwa na nili mpaka kinang'aa kama chuma, kinaachwa bila kusuuzwa. Uso unakuwa bluu na hiyo ndiyo fahari. Mpaka wageni wakawaita watu wa bluu. Kwa hiyo kuhamia ni kasoro kwa nani? Labda cha kubadilisha ni karatasi ya maelezo. Andika "itahamia wiki za kwanza, usikalie kitu cheupe". Jinzi ghali ambazo hazijafuliwa kiwandani zinauzwa na onyo hilohilo, na watu wanapanga foleni.

#15 BintiMbagala
#14 wazo zuri, ila yule mteja wa Mikocheni si Mtuareg.

#16 Msoma_Kumbukumbu
Nili nayo ina damu yake. Bengal wakulima walilazimishwa kulima nili badala ya mpunga, wakaasi mwaka 1859. Champaran, Bihar, sheria ilikuwa kila katha 20 (kipimo cha shamba cha kule), 3 uzilime nili ya bwana. Gandhi alikwenda huko 1917. Na nili hiyo hiyo ndiyo iliyotia rangi jinzi za kwanza za Levi's waliogundua denimu mwaka 1873. Halafu Wajerumani wa BASF wakagundua nili ya kemikali 1880 na wakulima wa India wakafilisika.

#17 MkemiaWaMtaa
#16 historia nzuri lakini umechanganya mawili. Aliyetengeneza nili maabara 1880 ni Adolf von Baeyer, akaja kupata Nobeli ya kemia 1905. BASF waliingiza nili yao sokoni 1897. Kati ya hapo ni miaka 17 ya kuhangaika, kwa sababu kutengeneza gramu moja maabara na kutengeneza tani kwa bei ya kumshinda mkulima ni vitu viwili.

#18 Mashine_Nne
Na Levi's hawakugundua denimu. Kitambaa kilikuwepo. Hati ya 1873 ya kulinda uvumbuzi ilikuwa ya zile ribiti, vishikizo vya shaba vya mifukoni, na wazo lilikuwa la fundi cherehani, Jacob Davis wa Reno, Nevada. Levi Strauss alikuwa muuza kitambaa aliyelipia ada ya hati. Fundi cherehani ndiye mwenye akili, mwenye duka ndiye mwenye jina.

#19 BintiMbagala
#18 hiyo nitaiandika ukutani kwangu.

#20 Msoma_Kumbukumbu
Nimekubali marekebisho yote mawili. Ila hata huku pwani nili ilikuwepo kabla ya Wajerumani wote. Visiwa vya Kirimba, kusini kidogo ya mpaka wetu na Msumbiji, Waislamu wa kule walikuwa wakifuma na kutia nili vitambaa vilivyojulikana kama vya Maluane. Wareno waliviandika tangu karne ya 16. Kwa hiyo dada usione unaiga Wafaransa.

#21 Jinzi_Dangirizi
Sisi tuliozaliwa zamani tulisema dangirizi. Jinzi limekuja juzi. Ni hayo tu.

#22 ShambaTanga
Nimechelewa kuona uzi. Mimi nalima mnili, robo eka, Muheza. Naomba niulize kitu ambacho naona wote mmekiruka. Dada, huo unga umenunua wapi? Maana unga wa mmea hata ukiwa mzuri haufiki nili tupu. Nili yenyewe ndani ya unga inaweza kuwa robo, inaweza kuwa nusu, iliyobaki ni chokaa na mabaki ya majani. Ile ya kiwandani ni karibu nili tupu. Kwa hiyo gramu 100 zako si gramu 100 zangu, na hesabu ya moja-mbili-tatu inayumba kabla hujawasha moto.

Jinsi ninavyofanya: nakata matawi kabla mmea haujatoa maua, naloweka kwenye pipa na jiwe juu, usiku kucha mpaka maji yawe ya kijani cha ajabu na harufu ya zizi. Natoa majani, natia chokaa, halafu napiga maji kwa ndoo, kumwaga na kuchota, kumwaga na kuchota, mpaka povu ligeuke bluu na mikono ikatike. Inatuama, nachuja kwa shuka. Msimu uliopita kilo 10 za majani mabichi zilinipa gramu 35 za unga. Anayekuuzia kwa bei ya sembe anakuuzia kitu kingine.

#23 NabishaTu
Gramu 35 kwa kilo 10? Halafu mnasema hii ndiyo itaokoa dunia? Ukitaka kutia rangi jinzi za Dar peke yake utalima Tanga yote, mahindi tule wapi? Si ndiyo yaleyale ya Bengal ya #16?

#24 ShambaTanga
#23 mnili ni jamii ya kunde, unarutubisha udongo. Nimeupanda baada ya mahindi, si badala yake. Na majani yaliyolowekwa yanarudi shambani kama mboji. Isitoshe huu si mgeni. Ile aina inayoitwa Indigofera arrecta asili yake ni Afrika hii. Waholanzi waliipeleka Java, kutoka Java ikaenda India kuja kupambana na BASF. Imezunguka dunia nzima, sisi tunailimia barabarani kama gugu.

#25 MkemiaWaMtaa
#23 ana hoja, wala tusimcheke. Chembe ya nili ya mmea na ya kiwandani ni moja ileile. Tofauti ni njia. Ya kiwandani inaanzia kwenye anilini, ambayo ni sumu, na mabaki yake yanaweza kubaki ndani ya rangi. Kampuni ya Archroma ilitoa nili isiyo na anilini mwaka 2018, kwa hiyo na wao wanajua. Lakini kuhusu maji, Levi's wenyewe walipima jinzi moja ya 501 wakapata lita 3,781 kutoka shambani mpaka kutupwa, na asilimia 68 ilikuwa kilimo cha pamba. Nyingine 23 ni sisi tunavyofua nyumbani. Kwa hiyo dada, sehemu ya kijani kuliko zote katika kazi yako si nili. Ni hizo jinzi za mitumba. Pamba yake ilishalimwa.

#26 GikombaFinest
Asante #25, hatimaye mtu ameheshimu mitumba.

#27 Fundi_Batiki
Mimi narudi palepale. Huo unga wa #1 una nili ya kufulia ndani yake. Ile ya kung'arisha mashati meupe. Bei rahisi, bluu kali, na haishiki hata kidogo.

#28 MkemiaWaMtaa
Inawezekana, na inapimika. Nyingi za kufulia siku hizi ni rangi ya madini, siyo nili. Tia kijiko kwenye siki kali au ndimu nyingi, funika mpaka asubuhi. Ukinusa yai bovu na bluu ikafifia, umeuziwa. Nili ya kweli haitikisiki kwa siki.

#29 Mama_Tambuu
Jamani na chokaa? Hakuna aliyeuliza chokaa gani. Ya ujenzi iliyokaa wazi dukani miezi imeshakufa, hewa imeigeuza kuwa vumbi la chaki. Tumia ya tambuu iliyo kwenye kopo la maji, au nunua mfuko uliofungwa. Ikiwa imekufa maji hayawi makali na pipa linachoka.

#30 ShambaTanga
#29 kweli kabisa. Na magadi je? Nimewahi kujaribu magadi ya Natron, pipa likalala siku nne.

#31 MkemiaWaMtaa
Magadi mabichi ni mpole kuliko chokaa. Yakaange kwanza mpaka yawe unga mkavu, yanapata ukali. Hata hivyo kwa njia ya ndizi, chokaa ni salama zaidi. Pima pH (ukali wa maji), ikicheza 10 na nusu hadi 11 uko vizuri.

#32 Mwana_Muscat
Niliwahi kusoma kwamba milima ya Atlas, Moroko, pipa la nili likigoma wanawake wanakaa pembeni yake na kuanza kusema uongo mkubwamkubwa, eti ndiyo linaamka.

#33 NabishaTu
Basi nipeleke Mbagala, kesho sofa limepona.

#34 Bi_Kaniki
Na kwetu ilikuwa usiingie na hasira, wala jicho la mtu lisilione kabla halijakaa sawa. Mnacheka, lakini mwenye hasira hukoroga kwa nguvu, na ukikoroga kwa nguvu nili inakufa. Wazee hawakusema kitu bure.

#35 MkemiaWaMtaa
#34 Shikamoo bibi. Hiyo ni sahihi hata kimaabara. Kukoroga kwa nguvu kunaingiza hewa, nili inageuka bluu ndani ya pipa badala ya kwenye nguo. Dada, koroga taratibu kwa duara, nguo iingie polepole bila kurusha matone, na weka wavu katikati ya pipa isiguse mashapo ya chini.

#36 Bi_Kaniki
Marahaba. Sasa ondoeni "hata kimaabara".

#37 BintiMbagala
Wadau nimerudi baada ya wiki tatu. Mrejesho.

Siki: hakuna yai bovu, bluu ipo palepale. Unga ni wa nili, angalau kwa kipimo hicho.
Kitambaa: nimepata jinzi nyeupe za pamba tupu, nimezichemsha na magadi saa nzima. Maji yametoka ya manjano kama mkojo wa punda, sikujua nguo nyeupe ina uchafu hivyo.
Utamu: asali na ndizi, sukari guru nimeiacha.
Chokaa: ya tambuu.
Pipa nimelipunguza nusu ukali, nimechovya mara 8, kila mara naanika robo saa. Mwisho nimesuuza, nimetia kwenye siki na maji, nimeacha siku tano kivulini, ndipo nikafua kwa sabuni na maji ya moto mpaka maji yakatoka safi.

Nimesugua na leso nyeupe mara 20. Kavu: haijahamia, karibu hakuna kitu.

#38 Fundi_Batiki
Nilisema ni mara za kuchovya! #10 na mimi.

#39 GikombaFinest
Ni kitambaa. Kabadilisha kitambaa kikawa pamba tupu, tatizo limekwisha.

#40 Mama_Tambuu
Chokaa.

#41 MkemiaWaMtaa
Dada yangu, umebadilisha vitu sita kwa siku moja! Sasa nani ajue kilichoponya ni kipi? Ungebadilisha kimoja kimoja.

#42 BintiMbagala
#41 mwalimu, wewe una maabara, mimi nina kodi ya fremu tarehe 1.

#43 NabishaTu
Umesema leso kavu. Na leso yenye maji je?

#44 BintiMbagala
... Ya maji imetoka bluu. Si kama mwanzo, lakini bluu.

#45 NabishaTu
Basi hamna shida, nani anakaa kwenye sofa akiwa amelowa?

#46 ShambaTanga
Dar, mwezi wa pili, umeme umekatika, koti la jinzi?

#47 NabishaTu
Nimenyamaza.